Diski za kasi kubwa haziwafai warushaji wengi wa Arusha na Moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Tengeru aliyeandika katika ukurasa wa barua akiuliza kwa nini diski za gofu ambazo shule yake ilizawadiwa na wageni zinakata kushoto kabla hazijafika popote, na kama kosa ni la wanafunzi, la mwalimu au la diski zenyewe. Jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa kosa ni la uchaguzi wa diski. Karibu kila mzigo wa diski unaotufikia huku kaskazini umejaa draiva, yaani diski za kurushia mbali, za kasi kubwa, ambazo ziliundwa kwa ajili ya mikono yenye nguvu nyingi, ilhali wanaozirusha, wawe wanafunzi au watu wazima, wana nguvu ya wastani na wanahitaji draiva ya polepole zaidi inayokwenda moja kwa moja.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, diski gofu hufuata kanuni zilezile za gofu, isipokuwa mchezaji harushi mpira kwa kirungu bali diski ya plastiki kwa mkono wake, na mahali pa shimo pana kikapu chenye minyororo kilichosimamishwa juu ya nguzo. Kikapu hicho ni ubunifu wa Ed Headrick, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyouza frisbi, na ndiye aliyeanzisha mwaka 1976 chama cha PDGA kinachosimamia mchezo huu duniani. Mwaka 1983 kampuni ya Innova ilitoa diski iliyoitwa Eagle, ambayo ukingo wake ulichongwa kwa mshazari badala ya kuachwa mviringo kama wa frisbi, na tangu hapo diski za kurushia mbali zikaachana kabisa na zile za kuchezea ufukweni.

Leo mfuko wa mchezaji huwa na puta za kumalizia kikapuni, diski za masafa ya kati, na draiva. Draiva nazo ni za namna mbili: za masafa marefu, ambazo ukingo wake ni mpana hata kupita sentimita 2, na za feawei, yaani njia ya kuelekea kikapuni, ambazo ukingo wake ni mwembamba zaidi na hushikika vizuri hata kwa vidole vifupi. Barua hii inahusu hizi za feawei, na hasa zile zinazonyooka.

Msomaji wa Tengeru alitaja kwamba diski zake zina namba nne juu yake na kwamba hakuna aliyemweleza maana yake. Namba ya kwanza ni ya kasi, nayo huanzia 1 na kufika 14 au 15. Ya pili ni ya kuelea hewani. Ya tatu inaonyesha jinsi diski inavyopinda mwanzoni mwa safari yake inapokuwa bado na mwendo mkali, na kwa kawaida huandikwa sifuri au chini ya sifuri, ambapo kadiri inavyoshuka ndivyo diski inavyopinda zaidi. Ya nne inaonyesha jinsi inavyokunja kuelekea upande wa pili mwishoni, inapochoka. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayeanzia kifuani upande wa kushoto na kuufungua mkono kwenda mbele, kupinda kwa mwanzo ni kwenda kulia na kukunja kwa mwisho ni kwenda kushoto. Wa mkono wa kushoto ageuze kila ninachosema hapa, na vilevile wa mkono wa kulia anayerusha kwa kupitisha mkono ubavuni.

Ambalo watu wengi hawalielewi ni namba ya kwanza. Kasi iliyoandikwa juu ya diski si zawadi ambayo diski inampa mrushaji, ni deni ambalo mrushaji anadaiwa. Diski iliyoandikwa 12 inasema kwamba itaruka kama ilivyoandikwa endapo tu itatoka mkononi kwa mwendo mkali sana, na isipoupata mwendo huo itaruka kama diski ya tabia nyingine kabisa: haitapinda kulia hata kidogo, itaanza kukunja kushoto tangu mapema, na itaanguka mita nyingi nje ya mstari. Ni sawa na dereva anayepandisha barabara ya Marangu kwa gia ya tano akitegemea kufika haraka. Nimeona watu wazima wakigombea diski ya namba 13 kwa sababu tu namba ni kubwa, na mmoja wao, mtu wa kifua kipana kabisa, akapitwa kwa mbali na binti aliyerusha diski ya namba 6.

Sababu yake iko katika mzunguko wa diski. Ikirushwa kwa namna niliyoieleza, diski huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Hewa inayoibeba haiisukumi katikati yake hasa. Diski inapokuwa na mwendo mkali na imelala sawasawa, msukumo huo huwa nyuma kidogo ya kitovu, na unajaribu kuinamisha pua yake. Inapopungua mwendo na kuanza kushuka, hewa huipiga zaidi kutoka chini, msukumo huhamia mbele ya kitovu na kujaribu kunyanyua pua. Lakini kitu kinachozunguka hakitii msukumo pale pale unapokigusa, kinautii robo ya mzunguko baadaye, kwa hiyo badala ya pua kuinama diski hulalia ubavu wa kulia, na badala ya pua kunyanyuka hulalia ubavu wa kushoto. Diski inayonyooka ni ile ambayo mambo haya mawili yanalingana kwa nguvu ya mkono wako, wala si kwa nguvu ya mkono wa bingwa aliyeonekana kwenye video.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye diski yoyote, nalo linatuhusu sisi zaidi ya wengi. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko kati ya mita 800 na 900. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, na mchana wa jua kali, joto huipunguza uzito zaidi. Hewa nyepesi huibeba diski kidogo na kuisukuma kidogo, hivyo kule kupinda kwa mwanzo kunapungua, na diski inazama mapema na kukunja kushoto. Diski ambayo shemeji yako aliirusha ikanyooka kama uzi kwenye ufukwe wa Kigamboni, akikuletea Njiro itakunja, na wala mkono wako hautakuwa na hatia. Wachezaji wa miji ya milimani katika nchi nyingine wanalijua hili na hushuka ngazi moja: wanachagua diski inayopinda zaidi kidogo kuliko ile ambayo wangeitumia pwani. Moshi tofauti hiyo ni ndogo, ila ipo.

Kwa hiyo mtu asichague kabla hajajua nguvu yake, na kuijua hakuhitaji kifaa chochote. Simama kwenye mstari wa goli wa uwanja wa mpira, uwanja ukiwa mtupu, urushe kuelekea goli la pili. Katika uwanja wa mita 105, mstari wa katikati uko mita 52 na nusu kutoka ulipo, ukingo wa mbali wa duara la kati uko karibu mita 62, na mstari wa mbele wa eneo la penalti la upande wa pili uko takriban mita 88. Viwanja vingi vya shule ni vifupi zaidi, kwa hiyo ni vyema kuhakikisha urefu kwanza kwa hatua au kwa kamba. Anayeangusha diski zake nyingi kati ya duara na eneo lile la penalti ndiye ninayemwita mrushaji wa nguvu ya wastani. Hesabu mitupo mingi wala si ule mmoja uliobahatika, maana kila mtu ana mtupo mmoja wa kusimulia.

Uwanja huohuo unapima na unyoofu. Lenga katikati ya goli la mbali. Eneo dogo la goli, lile ambalo kipa huanzia mpira, lina upana wa mita 18 na sentimita 32, na ukiwazia mistari yake miwili ya pembeni imerefushwa kuja hadi kwako, umepata kichochoro. Draiva inayokufaa ni ile inayoanguka ndani ya kichochoro hicho mara nyingi kuliko isivyoanguka. Ikitoka kushoto kila mara huku umeirusha ikiwa imelala sawa, ina kasi kubwa mno au inakunja mno kwa mkono wako. Ikipinda kulia na kutorudi, inapinda mno kwa mkono wako, na hilo ni tatizo zuri, kwa sababu maana yake mkono umeongezeka.

Sasa nitaje diski zenyewe, kwa kuwa msomaji aliomba majina. Chaguo langu la kwanza kwa mrushaji wa wastani wa Arusha ni Leopard ya Innova, ambayo namba zake ni 6, 5, -2 na 1. Kasi yake ni deni dogo, inaelea vya kutosha, na ile -2 ambayo pwani ingempindisha mtu mwenye nguvu, huku juu inageuka kuwa mwendo ulionyooka kwa mtu wa mita 65 au 75. Kuna ndugu yake, Leopard3, yenye namba 7, 5, -2 na 1, ambayo ni bapa zaidi na hukata hewa vizuri zaidi, nami humwelekeza huko aliyekwisha kuikaribia mita 85. Crave ya Axiom, yenye 6.5, 5, -1 na 1, nayo ni diski nyoofu sana. Imeundwa kwa plastiki za aina mbili na uzito wake mwingi umewekwa kwenye ukingo, na kwa anayeirusha bila kutetereka, mstari wake ni wa kupendeza.

River ya Latitude 64 inasifiwa mno, na sifa zake ni za haki kwa siku tulivu: namba zake ni 7, 7, -1 na 1, na hiyo 7 ya pili ina maana kwamba inaelea kuliko draiva nyingi za daraja lake. Mimi siipendekezi kwa viwanja vya wazi vya upande wa Kisongo, ambako upepo haukosekani, kwa kuwa kinachoelea sana hubebwa sana. Kwa Moshi, kwenye vichochoro baina ya miti mirefu ambako upepo hauingii kwa nguvu, ningeinunua bila kusita.

Teebird ya Innova ndiyo inayotajwa kila mahali panapozungumzwa draiva za feawei, na inajulikana sana kwa kuhusishwa na Ken Climo, aliyeshinda ubingwa wa dunia mara 12. Namba zake ni 7, 5, 0 na 2. Ni diski nzuri kupita kiasi, na ndiyo sababu nina wasiwasi nayo, kwa kuwa watu huinunua kwa jina. Sifuri yake ya kupinda na 2 yake ya kukunja, katika hewa ya mita 1,400, humpa mrushaji wa mita 75 diski inayoishia kushoto kila mara. Itatabirika, ndiyo, lakini haitanyooka. Anayepita ile mita 88 ya eneo la penalti aichukue kwa moyo mweupe. TL, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, iko katikati, nami ningeiona kuwa hatua inayofuata baada ya Leopard.

Nisieleweke kwamba namba hizi ni za mizani ya serikali. Kila kampuni huandika za kwake, na PDGA huidhinisha vipimo vya diski, yaani upana, uzito, ukingo na ulaini wa plastiki, haihakiki namba za kuruka. Ndiyo maana 7 ya kampuni moja inaweza kufanana na 8 ya nyingine, na kipimo cha mwisho ni kile kichochoro cha uwanjani.

Uzito nao unasahaulika. Kwa kanuni za PDGA diski hairuhusiwi kuzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo chake, hivyo draiva ya feawei, yenye kipenyo cha sentimita 21 na kitu, hufika karibu gramu 175 na kukomea hapo. Wageni wengi huleta hizo za gramu 175 wakidhani uzito mkubwa ni ubora. Kwa mkono wa wastani gramu 160 hadi 168 zinatosha sana, na kwa mwanafunzi wa darasa la saba ningeshuka hadi 150, kwa sababu diski nyepesi hufikishwa kwenye mwendo wake kwa urahisi zaidi. Hasara yake ni upepo: diski nyepesi ikikutana na upepo wa usoni hupinda kulia haraka. Upepo wa usoni huifanya kila diski ipinde zaidi, wa mgongoni huifanya ikunje mapema, na katika miezi ya upepo kubeba diski mbili za aina moja zenye uzito tofauti si anasa.

Kuhusu plastiki, nitasema jambo ambalo wauzaji hawatalifurahia. Plastiki ya bei ya chini, ambayo Innova huiita DX, ndiyo ninayoipendelea kwa anayeanza hapa kwetu. Inashikika vizuri hata ikiwa na unyevu, ambalo si jambo dogo wakati wa masika, na inapogonga mawe yetu ya volkano huchakaa, na ikichakaa hupinda zaidi na kukunja kidogo zaidi. Pwani uchakavu huo huharibu diski mapema. Arusha, ambako kila kitu kinaelekea kukunja kushoto, Teebird ya DX iliyokwaruzwa msimu mmoja inaweza kuwa ndiyo draiva nyoofu kuliko zote mfukoni. Plastiki ngumu za bei ya juu, kama Champion na Star, hudumu miaka, na Champion hasa huelekea kukunja zaidi kuliko DX ya jina lilelile, kwa hiyo namba zilezile zilizoandikwa zisimdanganye mtu. Rangi nayo ichaguliwe kwa akili. Diski ya kijani kwenye majani ya Mei ni diski iliyopotea.

Ningekuwa sisemi kweli yote kama nisingeongeza kwamba mwalimu wa Tengeru anapaswa kutazama pua ya diski kabla ya kulaumu namba. Mrushaji akiitoa diski pua ikiwa juu, itapanda, itasimama hewani na kukunja kushoto hata ingekuwa Leopard kongwe kiasi gani. Dalili yake ni rahisi: diski iliyotolewa pua juu hupanda juu kuliko miti kisha hushuka karibu wima, wakati diski yenye kasi isiyomfaa mrushaji hukunja kushoto ikiwa bado chini, bila kupanda. La kwanza hutibiwa kwa kuinamisha kifundo cha mkono kidogo, kana kwamba unamimina kitu kutoka kikombeni, na kwa kuivuta diski kwenye mstari wa kifua badala ya kuipandisha begani. La pili hutibiwa kwa kubadilisha diski. Shule ikiwa nayo yote mawili, ianze na puta, ambayo haimfichii mtu kosa lake, kisha ndipo ipewe draiva ya feawei.

Nina ombi kwa wanaotuletea diski hizi, wawe wageni wa kujitolea, wapanda mlima wanaopunguza mizigo kabla ya kurudi kwao, au ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya wanaokuja Kilimanjaro kila Desemba. Tunashukuru, na sisemi haya kwa kudharau zawadi. Lakini diski sita hazizidi kilo moja kwa kitu cha kutaja, na sita zilizochaguliwa vizuri zinatosheleza darasa kwa muda mrefu kuliko ishirini za namba 12 na 13 ambazo hakuna mtoto anayeweza kuzirusha zikanyooka. Ujumbe wa kumtumia ndugu unaweza kuwa mfupi: puta mbili, diski moja ya masafa ya kati, Leopard mbili za DX zenye gramu 150 hadi 165, na Leopard3 au Crave moja ya gramu 165 kwa ajili ya mwalimu, zote za rangi ya waridi au ya chungwa.

Kwa shule ambazo tayari zina zile za kasi kubwa, zisizitupe. Wapeni wanafunzi wakubwa wenye mkono mrefu wajaribu upepo ukiwa usoni, maana upepo wa usoni huipa diski sehemu ya mwendo ambao mkono haukuipa, na hakikisheni hakuna anayepita uwanjani wakati huo, kwa sababu ukingo wa draiva ni mgumu na unaumiza. Zinazobaki zinaweza kubadilishana na klabu au mchezaji mwenye nguvu aliye tayari kutoa za polepole, na ikiwa msomaji wa Tengeru atapenda, ninazo Leopard kuukuu mbili ambazo niko tayari kumpa kwa moja ya diski zake za namba 13, kupitia ofisi ya gazeti hili.

Wako,
Msomaji wa Njiro, Arusha